Ekzosi Huoza Kuanzia Tumboni

Kwa miaka minne mke wangu hakuhitaji simu kujua kwamba nakaribia nyumbani. Nikikata kona ya msikitini, mita mia tatu hivi kutoka kwetu Kigamboni, yeye anabandika chai; nikimaliza kuegesha, maji yanachemka. Nilikuwa najisifia jambo hilo mbele ya wenzangu kana kwamba ni dalili ya mapenzi yasiyo kifani. Kumbe ni ekzosi. Ukweli huo niliupata kwa mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Korogwe. Jioni ya kwanza nilimkuta uani, nikamwamkia, akaitikia, akanyamaza kidogo kwa adabu, kisha akauliza: "Mkwe wangu, hilo trekta huwa mnalilaza wapi?"

Trekta lenyewe ni Honda CG125 niliyoachiwa na baba mdogo. Yeye alikuwa bwana shamba. Aliipata kwenye mnada wa mali chakavu za serikali, akaiendesha mpaka alipostaafu, na baada ya hapo akawa anaifuta vumbi tu kila Ijumaa na kuiwasha dakika tano "isisahau kazi". Nilipoirithi, rangi ya tangi ilikuwa imepauka na siti imeshonwa upya mara mbili, lakini injini ilikuwa inaitika kwa teke la kwanza.

Wanaoijua CG wanajua kwamba haikuundwa kwa ajili ya kuringia. Honda waliitoa katikati ya miaka ya 1970 wakizilenga nchi kama zetu, baada ya wahandisi wao kuona jinsi pikipiki zinavyoteswa huku: mzigo mara mbili ya kipimo, oili isiyobadilishwa, cheni isiyojua grisi. Wakaacha mtindo wa kuweka kamshafti juu kwenye hedi. Wakairudisha chini, ifungue valvu kwa pushirodi, na nundu moja tu ya kamshafti ikapewa kazi ya kuhudumia valvu zote mbili. Mwaka 1976 ikaanza kuundwa Manaus, Brazil. Kisha viwanda vya China vikaiga injini ile, vikaipanua hapa na pale, vikaibandika majina mengi kuliko ninavyoweza kuyakumbuka. Vijana wengi wanaopakia abiria kwenye vijiwe vyetu leo wanaendesha mjukuu wa CG bila kumjua babu. Habari hiyo ya ukoo itanisaidia baadaye, wakati wa kutafuta spea.

Kwanza tuelewane maneno. Wazungu wanaliita lile kopo la nyuma kwa jina lenye maana ya kinyamazishaji, na wapo mafundi wetu wanaoliita sailensa. Lakini ukimwambia fundi wa mtaani kwamba sailensa yako ina shida, wengi wataenda moja kwa moja kwenye kabureta, maana kwao sailensa ni ule mngurumo wa injini ikiwa imewashwa na haijapewa moto. Kwa hiyo mimi nasema ekzosi kwa kitu kizima, bomba kwa ile sehemu nyembamba inayotoka kwenye hedi, na kopo kwa ile nene ya nyuma. Kwenye CG bomba na kopo vimechomelewa pamoja. Kopo likioza, unanunua vyote.

Kopo hilo lina kazi kubwa kuliko linavyoonekana. Injini ya stroku nne ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, valvu ya kutolea moshi inafunguka mara 50 kila sekunde, na kila ikifunguka kuna mlipuko unaotoka mbio ukiwa na joto la mamia ya nyuzi. Ndani ya kopo kuna kuta na vijibomba. Moshi unaingia chumba cha kwanza, unapelekwa nyuma, unarudishwa mbele, ndipo unaruhusiwa kutoka. Katika kwenda na kurudi huko, mawimbi ya sauti yanagongana na kumalizana nguvu. Wazo hili ni la zamani kuliko barabara zetu za lami: ndugu wawili wa Marekani, Milton na Marshall Reeves wa mji wa Columbus, Indiana, walipewa hataza ya ekzosi yenye vyumba mwaka 1897.

Yangu ilikuwa imebaki na vyumba vya jina tu. Ilianza na tundu la ukubwa wa punje ya mtama, chini, karibu na kiungio. Nikalifunga kwa kipande cha kopo la maziwa na waya. Likaja la pili, nikapeleka kuchomelea. Kuchomelea bati lililokwisha kuliwa na kutu ni kama kushona kanga iliyooza: sindano inatoboa kwingine. Kijana aliyeshika mashine alikuwa akiziba hapa, moto unafungua pale, mpaka ekzosi ikawa na makovu kama mpiganaji wa ng'ombe. Kila baada ya miezi miwili mitatu nilirudi, na kila mara nililaumu chumvi ya bahari. Si ninavuka na pantoni karibu kila siku? Si upepo wa Kigamboni unakula hata bawaba za milango?

Baada ya lile swali la trekta niliamua kuibadilisha mwenyewe. Ni nati mbili tu mbele kwenye hedi na boliti moja nyuma. Jumamosi asubuhi nikatoka na spana, nikakaza mkono, nikavuta. Nati ya kwanza ikalegea vizuri. Ya pili ilizunguka robo, ikawa laini ghafla, na nikabaki na nati mkononi, kipande cha stadi kikiwa ndani yake. Stadi ilikuwa imekatika kama njiti ya kiberiti, na kisiki kimebaki kwenye hedi. Nikakaa chini kwenye kigoda. Mama mkwe alikuwa anachambua mchele kibarazani. Hakusema kitu, na hilo ndilo lililoniuma.

Nilichokosea nilikielewa baadaye kwa mzee mmoja anayefanyia kazi chini ya mwembe, njia ya kwenda Mjimwema. Stadi ni chuma, hedi ni aluminiamu, na vyuma hivyo viwili vikikaa pamoja miaka mingi kwenye joto na unyevu vinashikana kama ndugu. Kinachotakiwa ni subira. Jioni ya kuamkia kazi unazimwagia nati mafuta ya kupenya kutu, ukikosa, dizeli. Asubuhi unarudia. Kisha unapasha moto hedi pale kando ya stadi. Aluminiamu ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo tundu linapanuka kuliko stadi inavyonenepa, na mshikamano unavunjika. Halafu, na hapa ndipo wenye haraka tunaposhindwa, unaanza kwa kukaza kidogo kabla ya kufungua. Unakaza kwa kiasi cha unywele, unalegeza, unakaza, unalegeza, unaongeza mafuta.

"Nati inabembelezwa, mwanangu," aliniambia. "Ukiipiga ubabe, nayo ina ubabe wake."

Kwa kisiki changu alitumia njia ambayo ningelipa kiingilio kuitazama. Alichukua nati kubwa kidogo kuliko kisiki, akaipachika juu yake, akachomelea kwa ndani mpaka nati na kisiki vikawa kitu kimoja. Akaacha wekundu uishe. Akatia spana. Joto lile la kuchomelea lilikuwa limeshafanya kazi ya kulegeza, na kisiki kikatoka kikizunguka taratibu, na ungaunga mweupe umekishika. Asingefanikiwa hivyo, ingebaki hedi kuvuliwa, kisiki kutobolewa na uzi kuchongwa upya, na bili isingekuwa ya chini ya mwembe tena.

Ndipo akaigeuza ile ekzosi kuukuu juu chini, akaipigapiga kwa mpini wa nyundo. Ekzosi nzima hulia kama kengele iliyofunikwa kitambaa. Yangu ililia kama debe lenye kokoto. Akapitisha kidole gumba upande wa chini wa kopo, karibu na mwisho, akasimama penye nundu ndogo ya kuchomelea.

"Hapa nani aliziba?"

"Mimi, mzee. Palikuwa na katundu, panatoka maji asubuhi."

Akaniangalia muda mrefu. Kisha akacheka mpaka akashika shina la mwembe.

Katundu kale hakakuwa ugonjwa. Kaliwekwa kiwandani. Petroli ikiungua haitoi moshi peke yake, inatoa maji pia. Lita moja ya petroli, ikiungua sawasawa, inazaa maji yanayokaribia lita moja. Ekzosi ikiwa ya moto sana maji hayo yanatoka kama mvuke na huyaoni. Lakini mwendo wangu ni upi? Nyumbani hadi kivukoni, nazima. Naingia pantoni, natoka upande wa Magogoni, nawasha, kilomita mbili tatu, nazima. Ekzosi haipati joto la kutosha. Mvuke unagusa bati baridi, unageuka matone, matone yanajikusanya sehemu ya chini, yakichanganyika na asidi za moshi. Waliotengeneza kopo walijua, wakaacha mlango mdogo wa kuyatolea. Mimi nikaufunga kwa kuchomelea. Kwa miaka miwili nilikuwa nabeba kidimbwi cha maji makali tumboni mwa pikipiki, huku nikisingizia bahari.

Mzee aliikata ekzosi ile kwa mashine ya diski ili nione. Nusu ya juu ya bati ilikuwa nzima, nyeusi kwa masizi, unene wake wa kawaida. Nusu ya chini ilimeguka kwa vidole kama kaki. Kuta mbili za ndani zilikuwa zimeng'oka na kulala. Hizo ndizo kokoto tulizozisikia. Nje, nilikokuwa nalaumu chumvi, kromi ilikuwa na madoa tu. Kikulacho, kwa ekzosi, ki tumboni.

Ekzosi ya asili ya CG ya zamani huipati kirahisi, na ukiipata unaweza kukuta imekaa stoo mpaka imepata kutu yake yenyewe. Hapo ndipo ukoo unaposaidia. Gerezani na mitaa ya Kariakoo imejaa ekzosi za wale wajukuu wa Kichina, na kwa kuwa injini ni ileile, mdomo wa bomba unaingia kwenye hedi ya babu bila ugomvi. Ugomvi uko nyuma. Fremu zimebadilishwa, kwa hiyo sikio la kufungia kopo huwa halilengi tundu lake. Laweza kupishana kwa upana wa kidole au zaidi. Wauzaji watakwambia "inaingia hiyo, bosi", nayo kweli inaingia, ukiivuta. Usiivute. Ekzosi iliyofungwa ikiwa imepinda inabaki na mkazo mchana na usiku, na mtikisiko wa injini unaitafutia pa kupasukia, mara nyingi shingoni mwa bomba. Afadhali ulipe kidogo, fundi atengeneze kipande cha bati nene cha kuunganisha sikio na fremu.

Dukani nilipewa mbili nizichague. Moja iling'aa kuliko sufuria za harusi. Nyingine nyeusi, sura yake ya kawaida. Nilifanya kama mzee alivyoniagiza: nikazishika moja mkono huu, nyingine mkono huu. Ile ya kung'aa ilikuwa nyepesi kama kibuyu. Nikamulika kwa tochi ya simu kutoka nyuma, nikaona mwanga ukipita hadi karibu na mwisho. Ndani hamna kitu. Nikachukua nyeusi. Muuzaji akanihurumia waziwazi, akasema hiyo "haina sauti".

Vijana wengi wanataka sauti. Wanaingiza nondo nyuma ya kopo, wanavunja kuta, au wanampelekea fundi atoe utumbo wote, kisha wanapita saa sita usiku wakipiga milio kama ya bunduki. Watakwambia pikipiki imepata nguvu. Nimewahi kubishana nao kijiweni, na nakiri wana hoja moja: ekzosi iliyoziba kwa masizi huikaba injini kweli. Lakini kutoka hapo hadi kung'oa kila kitu ni mbali. Kabureta imepimwa ilingane na ekzosi yake. Moshi ukitoka kwa urahisi zaidi bila jeti kubadilishwa, mchanganyiko unakuwa na hewa nyingi kuliko petroli, injini inachemka, na valvu ya kutolea moshi ndiyo inayolipa. Plagi itakusimulia: ikitoka na rangi ya kahawia, mambo ni mazuri, ikitoka nyeupe, unajichoma polepole. Na ile milio wanayoipenda unapoachia moto ni petroli isiyoungua inayolipukia ndani ya bomba, mara nyingi kwa sababu hewa inapenya mahali isipotakiwa. Ni kelele ya hasara.

Kwenye stroku mbili mchezo huo ni mbaya zaidi. Pale umbo la bomba ni sehemu ya injini: linapanuka na kusinyaa kwa vipimo, ili wimbi la moshi lirudi na kuisukuma silindani petroli iliyotaka kutoroka. Aliyeifanya hesabu hiyo kuwa silaha ni Walter Kaaden, mhandisi wa MZ huko Ujerumani Mashariki. Mwaka 1961 mwendeshaji wake, Ernst Degner, alitoroka wakati wa mashindano ya Sweden, akaenda na ujuzi huo kwa Suzuki, na mwaka uliofuata Suzuki na Degner wakachukua ubingwa wa dunia wa daraja la cc 50. Watu walivuka mipaka na siri ya bomba. Kwa hiyo mwenye Vespa au Yamaha ya zamani ya stroku mbili akiniuliza, jibu langu ni fupi: tafuta bomba lenye umbo lilelile, la sivyo safisha ulilonalo.

Masikio nayo yana hesabu zake. Kipimo kinachotumiwa sana na wataalamu wa afya kazini ni desibeli 85 kwa saa nane. Kila zikiongezeka 3, muda salama unapungua kwa nusu. Desibeli 88 ni saa nne, 91 ni mbili, 94 ni moja. Dereva wa bodaboda anakaa juu ya ekzosi yake tangu alfajiri hadi usiku. Kanuni za kudhibiti kelele zipo, Kenya tangu 2009 na Tanzania tangu 2015, na mara mojamoja pikipiki hukamatwa na kujazwa kituoni. Lakini ekzosi tupu, nyepesi kama kibuyu, inauzwa mchana kweupe na risiti inatolewa. Mimi ningeanzia kaunta.

Kufunga ile mpya kulichukua muda mfupi kuliko kuisimulia. Mzee alikwangua mabaki ya gasketi ya zamani kwenye tundu la hedi, maana zikikaa mbili hazikai sawa, akaweka mpya ya shaba. Stadi mpya akazipaka grisi ya kuhimili joto. Akaning'iniza kila kitu kwa nati za mkono tu, mbele na nyuma, ekzosi ikawa inacheza. Ndipo akaanza kukaza mbele, nati hii mzunguko nusu, ile mzunguko nusu, ili mdomo ukae sambamba na gasketi isiminyike upande. Nyuma alikaza mwisho. Nilipowasha, bomba lilitoa moshi na harufu ya rangi inayoungua, nikashtuka. Ni mafuta ya kiwandani na rangi vikikauka, vikaisha baada ya dakika kumi. Akapitisha kiganja karibu na hedi kutafuta upepo unaovuja. Hakuna. Akaniambia nirudi kesho yake injini ikiwa baridi, akaze tena, kwa sababu gasketi mpya hulala baada ya joto la kwanza. Nilirudi. Nati zote mbili zilikubali robo mzunguko.

Jioni ya siku ilipofungwa nilikata kona ya msikitini na sikusikia chochote zaidi ya cheni na upepo. Nikaegesha, nikagonga. Mke wangu alifungua mlango akiwa na ufagio, akaniuliza pikipiki imeharibikia wapi. Chai haikuwa tayari, na tangu siku hiyo napiga simu nikifika kivukoni.

Ukienda kununua ekzosi wiki hii, igeuze juu chini kabla hujalipa, utafute katundu upande wa chini wa kopo, karibu na mwisho. Asubuhi yoyote ukiona maji yanadondoka hapo, yaache yadondoke.